Pua ikinyamaza, akili nayo iulizwe hali



Mama zangu, dada zangu, na nyote mnaokipokea kijarida hiki majumbani mwenu kila wiki: leo naomba tuzungumze juu ya kiungo ambacho sisi watu wa pwani tunakienzi kuliko wengi, ila hatukipi nafasi katika mazungumzo ya afya. Nacho ni pua. Tunajua kuipamba kwa kipini, tunajua kuiburudisha kwa udi, asumini na mrehani. Lakini ikinyamaza husema, "Ni mafua, yatapita," tukaacha kuuliza zaidi. Nami nilikuwa mmoja wa wasiouliza, mpaka safari moja iliponifunza.

Mwezi wa Disemba 2022, shule zilipofungwa, nilipanda basi kutoka Mombasa kwenda kuwaamkia wakwe zangu Itumbe, katika kaunti ya Kisii. Mkaza mwanangu ni mzaliwa wa huko. Mama yake mzazi nilikuwa nimeonana naye mara moja tu, siku ya harusi, alipoteremka kwetu amejifunga leso mpya, na mkungu wa ndizi kutoka shambani mwake. Siku ile alisimama mbele ya chetezo, akafumba macho, akaniambia, "Mama, nyumba hii mtu anaijua akiwa bado njiani." Maneno hayo yaliniingia moyoni. Kwa hiyo safari hii nilimchukulia zawadi zinazomstahiki mtu wa namna hiyo: karafuu za Pemba, iliki, chupa ya marashi ya mawaridi na udi kidogo.

Itumbe ni nchi ya milima ya kijani. Chai imetandikwa mlima kwa mlima mithili ya mkeka, mikaratusi imesimama mipakani, na migomba imezizunguka nyumba. Kipo kiwanda cha chai chenye jina la mahali hapo, na chai ya milima hiyo, kama ya sehemu nyingine za Kenya, huteremshwa Mombasa kwenye mnada wa kila wiki. Huenda birika lako la alasiri limewahi kuchemsha majani ya huko bila wewe kujua. Na watu wa chai huishi kwa pua zao. Jani likishasagwa huachwa lipate hewa. Hugeuka kutoka rangi ya kijani kuwa rangi ya shaba, na harufu yake hutoka kuwa ya nyasi mbichi ikawa kama ya tunda lililoiva. Mwenye uzoefu huinusa akajua kwamba wakati wa kulikausha umewadia. Mkwe wangu si mtu wa kiwandani, ni mkulima mwenye vipande vyake vya chai. Lakini mkaza mwanangu amenisimulia mara nyingi jinsi mama yake alivyokuwa akiijua mvua kwa pua kabla wingu halijatanda.

Tulipokwisha kuamkiana na kuulizana habari za watu wa nyumbani, nilimkabidhi zawadi zake. Alifungua karatasi ya karafuu, akaileta puani, akakaa kimya. Kisha akaikunja tena taratibu. "Asante sana, mama," akaniambia kwa adabu, kama anayepokea kifurushi cha misumari. Marashi hakuyafungua kabisa.

Jioni ile maharagwe yaliungua jikoni. Moshi ulitufikia sisi tuliokaa sebuleni, na yeye aliyekuwa kando ya chungu akichambua mboga hakuinua kichwa. Maziwa aliyotaka kututilia kwenye chai yalikuwa yamekwisha kuharibika, naye alikuwa amekunywa kikombe chake chote. Na kabla ya kulala, aliniuliza mara tatu nimefika lini.

Usiku mkaza mwanangu alinijia chumbani.

"Mama, umeona?"

"Nimeona, mwanangu. Amekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu ile homa. Lakini si homa inayoninyima usingizi. Watu wameanza kusema."

"Wanasema nini?"

"Wanasema amebadilika. Anasahau majina ya watoto wa jirani. Jioni moja alikutwa amesimama peke yake katika shamba la mtu, hajui alifuata nini. Mama, huku kwetu neno 'amebadilika' si neno dogo."

Nilimwelewa, na mwili ukanisisimka. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani, katika kaunti hiyohiyo ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na kundi la watu kwa kushukiwa uchawi. Wala tusiwanyoshee kidole watu wa bara tukajiona sisi tumesalimika. Kwetu pwani, katika kaunti ya Kilifi, wazee wameuawa miaka nenda miaka rudi kwa tuhuma hizohizo, hata huko Kaya Godoma, upande wa Ganze, pakawa mahali pa kuwahifadhi wazee waliokimbia makwao kuokoa roho zao. Mzee anayesahau, anayetembea ovyo usiku, anayezungumza peke yake, ni mwepesi wa kugeuzwa mchawi mahali ambapo hali yake haina jina la ugonjwa. Kwa mzee wa namna hiyo, jina la ugonjwa ni ngao. Ndiyo maana makala ya leo nimeyaandika kwa urefu, na naomba msiyasome kwa haraka.

Tuanze na ile homa. Kumbukeni Juni 2021. Wimbi la korona lilipiga magharibi ya Kenya, na serikali ikaziwekea kaunti 13 za ukanda wa Ziwa, Kisii na Nyamira zikiwamo, kafyu ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Mkwe wangu aliugua katika siku hizo: homa, kikohozi, mwili kuvunjikavunjika. Siku ya tano aliamka chai haina harufu. Hakupimwa, kwa hiyo hatuwezi kuapa kwamba ilikuwa korona. Mafua ya kawaida na homa ya influenza navyo huweza kumpotezea mtu harufu, na madaktari walilijua jambo hilo kabla korona haijazaliwa. Lakini majira yale, na dalili zile, vyote vinaelekea upande mmoja.

Virusi hufanya nini huko ndani? Juu kabisa ya tundu za pua kuna kipande kidogo cha utando ambamo neva za harufu zimechomoza. Pembeni mwa neva hizo zimo seli nyingine za kuzihudumia na kuzitegemeza. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha kwamba mlango ambao virusi vya korona hupitia kuingia katika seli haumo katika neva zenyewe, umo katika zile seli zinazozihudumia. Ni kama shughuli ambayo mpishi mkuu ni mzima lakini wapagazi, wachota maji na wachochea moto wote wameanguka kitandani, chakula hakiivi. Habari njema ni kwamba seli hizo huota upya, na ndiyo sababu watu wengi hurudiwa na harufu.

Wengi kiasi gani? Mwaka 2022 jarida la tiba la Uingereza liitwalo BMJ lilichapisha majumuisho ya tafiti 18 zenye wagonjwa 3,699. Katika siku 30 za mwanzo, kiasi cha watu 74 katika kila 100 walikuwa wamerudiwa na harufu. Ilipofika miezi sita, kiasi cha 96. Hata hivyo, watafiti walikadiria kwamba watu 5 au 6 katika kila 100 huenda wakabaki na tatizo la muda mrefu, na kwamba wanawake walikuwa na uwezekano mdogo wa kupona kuliko wanaume. Mtasema ni wachache. Lakini hesabuni ni watu wangapi waliougua duniani kote, mtaona kwamba wachache hao ni umma mkubwa, na wengi wao ni mama zetu.

Sasa, pua na akili zina uhusiano gani? Habari za macho na masikio hupitia kwanza katika kituo kimoja kilicho katikati ya ubongo, ndipo zigawanywe. Harufu ina njia ya mkato. Hutoka puani ikaingia moja kwa moja katika pande za ubongo zinazotunza hisia na kumbukumbu. Ndiyo maana harufu ya mahamri huweza kumrudisha mtu mzima katika jiko la bibi yake aliyekwisha kufariki, kabla hata hajajua anakumbuka nini. Sisi Waislamu tunayo kumbukumbu iliyo kubwa kuliko hiyo. Katika Sura ya Yusuf, msafara ulipoanza safari kutoka Misri, Nabii Ya'qub, alayhi s-salaam, aliipata harufu ya mwanawe, naye akahofia waliomzunguka watamwona mzee aliyepungukiwa akili. Lakini kanzu ilipofika, kila mtu alijua kwamba mzee alisema kweli. Mara ngapi nimeisoma sura hiyo bila kutambua kwamba pua, kumbukumbu na shutuma ya uzee zimekutanishwa mahali pamoja!

Wataalamu nao wameitazama njia hiyo ya mkato. Mwezi wa Machi 2022, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford juu ya watu 785 wa Uingereza, wenye umri wa miaka 51 hadi 81, waliopigwa picha za ubongo mara mbili. Kati yao 401 waliambukizwa korona baada ya picha ya kwanza na kabla ya ile ya pili. Walioambukizwa walionekana kupungukiwa zaidi na tabaka la kijivu la ubongo katika sehemu zinazohusiana na harufu na kumbukumbu. Tofauti ilikuwa ndogo, baina ya 0.2 na 2 kwa mia, lakini ilionekana hata kwa watu ambao hawakulazwa hospitali. Mwaka huohuo, katika mkutano wa kimataifa wa maradhi ya Alzheimer, watafiti kutoka Argentina walieleza habari za watu wazima zaidi ya 700, wenye umri wa miaka 55 na kuendelea. Waliona kwamba aliyebaki bila harufu ndiye aliyekuwa na uwezekano mkubwa wa kupungukiwa na kumbukumbu, kuliko hata aliyeugua korona kali lakini harufu yake ikabaki.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana habari kama hizi zikisomwa kwa haraka humtia mtu hofu isiyo na haja. Kupotewa na harufu si kupotewa na akili. Wengi wasionusa wanafikiri sawasawa, wanasalisha, wanafundisha, wanafanya biashara. Uhusiano uliopo una maelezo zaidi ya moja. Huenda virusi vimeacha jeraha katika njia ileile ya harufu na kumbukumbu. Huenda pia ubongo ulikuwa umekwisha kuanza kuchoka kabla ya homa, na homa ikalifunua lililokuwa limefichika, kwa kuwa maradhi ya Alzheimer na ya Parkinson mara nyingi huanza kwa kudhoofika kwa harufu, tena miaka kabla ya dalili nyingine. Na huenda ni mnyororo wa mambo ya kawaida: asiyenusa haoni ladha ya chakula, hali vizuri, hajisikii, hujitenga na watu, na upweke na huzuni huudhoofisha ubongo polepole. Kwa hiyo ichukueni pua iliyonyamaza kama mtoto anayebisha hodi usiku. Huenda ana neno dogo, huenda ana neno kubwa, lakini mlango hufunguliwa.

Sisi tulifungua mlango. Januari 2023 watoto wake walimpeleka hospitali mjini Kisii, na mkaza mwanangu akanieleza yote kwa simu. Daktari hakukimbilia jina kubwa. Kwanza aliuliza mambo yalianza lini, na lipi lilitangulia. Alichungulia pua kuona kama kuna nyama iliyoota au uvimbe. Alimnusisha vitu amefumba macho. Alipima presha na sukari, akaagiza damu itazamwe tezi ya shingo na vitamini B12, maana upungufu wa hivyo viwili huleta usahaulivu unaotibika. (Wale mnaotumia vidonge vya metformini kwa ajili ya kisukari, iulizeni hospitali yenu juu ya B12, dawa hiyo ikitumika miaka mingi huweza kuipunguza.) Alipima masikio na macho. Alimpa majaribio ya kukumbuka maneno, kuchora saa na kutaja siku na mwezi. Mwisho aliuliza swali ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliuliza: "Mama, moyo wako ukoje?"

Hapo mkwe wangu alilia. Alisema ameacha kwenda kwenye kikundi cha akina mama kwa sababu hajui kama ananuka. Alisema ameaibika kuwapikia watu asichokionja. Alisema hata mjukuu mchanga akipakatwa kwake hamsikii harufu yake, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Mwaka mzima na nusu tulimwona anakaa peke yake tukasema, "Ni uzee." Kumbe alikuwa anajificha.

Matokeo yalikuwa ya mchanganyiko. Presha ilikuwa juu, na hakuwa akijua. Sikio moja lilikuwa limepungua, hivyo baadhi ya maneno aliyodhaniwa kuyasahau hakuwa ameyasikia. Huzuni ilikuwa nzito. Na kumbukumbu, ndiyo, ilikuwa imeshuka kidogo kuliko inavyotarajiwa kwa umri wake, lakini haijafikia kiwango cha kuitwa dimenshia, yaani ule ugonjwa wa ubongo unaomwondolea mtu uwezo wa kujiendeshea maisha. Daktari aliamua kutibu yanayotibika na kumpima tena baada ya miezi sita. Huo ulikuwa uamuzi wa hekima. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la The Lancet lilitaja mambo 14 ambayo, yakishughulikiwa katika umri wote wa mtu, yangeweza kuzuia au kuchelewesha kiasi cha visa 45 katika kila 100 vya dimenshia. Miongoni mwake ni presha, kisukari, kutosikia, kutoona, huzuni, upweke, tumbaku na kukaa bila kutembea. Mengi ya hayo yamo majumbani mwetu, na mengi tunayaweza.

Ama pua yenyewe, daktari alimpa mazoezi, na hapa ndipo mzigo wangu wa karafuu ulipopata kazi. Mwaka 2009 Profesa Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walichapisha utafiti wa kuizoeza pua kama mtu anavyouzoeza mguu uliovunjika. Walitumia harufu nne: waridi, limau, karafuu na mkaratusi. Nilipozisikia nilicheka peke yangu. Karafuu ni ya Pemba, marashi ya mawaridi yamo katika kila mrashi wa harusi, limau limo jikoni, na mikaratusi Itumbe imejaa mpaka mipakani. Dawa ya kizungu ilikuwa imetuzunguka pande zote mbili, pwani na bara.

Namna ya kufanya ni hii. Weka kila kitu katika kichupa chake chenye kifuniko: karafuu zilizopondwa, ganda la limau lililokwaruzwa, pamba yenye marashi ya mawaridi, na majani ya mkaratusi yaliyofikichwa. Asubuhi na jioni, kaa mahali patulivu. Fungua kichupa kimoja, kiweke karibu na pua, nusa polepole kwa kiasi cha sekunde 20, huku ukikumbuka harufu hiyo ilivyokuwa: sema moyoni, "Hii ni karafuu, karafuu ya pilau ya Idi." Pumzika nusu dakika, uende kwenye cha pili, hadi vyote vinne. Badilisha vilivyomo vikichuja. Endelea kwa wiki 12 bila kukosa, na ikibidi zaidi. Siku za mwanzo hutasikia kitu, usiache. Hakuna anayeweza kukuahidi kwamba harufu itarudi, lakini zoezi hili ni rahisi, halina madhara, na limewasaidia wengi.

Baadhi ya watu, harufu ikianza kurudi, hurudi imepotoka. Kahawa hunuka kama mpira ulioungua, kitunguu thomu kama uozo. Si jini wala si husuda. Mara nyingi ni neva zinazoota upya ambazo hazijajua kazi yake. Mpikieni mtu huyo chakula kisichokaangwa, akile kikiwa kimepoa kidogo, na msimlazimishe.

Tahadhari nazo ni hizi. Msitie mafuta ya karafuu wala dawa yoyote ya kienyeji ndani ya pua. Kunusa ni kwa mbali. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya watu waache dawa moja ya mafua ya kupaka puani yenye madini ya zinki, baada ya watumiaji wengi kulalamika kwamba imewapotezea harufu. Kujifukiza kwa mvuke wa sufuria hakuirudishi neva, na kumewaunguza watoto wengi. Na aliye na pumu, moshi mzito wa udi si zoezi lake.

Nyumba yenye mtu asiyenusa nayo ipangwe upya. Gesi ya kupikia hutiwa harufu mbaya kwa makusudi ili uvujaji ujulikane. Asiyenusa hana mlinzi huyo, basi funga mtungi kila unapomaliza, na mwenye pua nzima akague kabla ya kulala. Andikeni tarehe juu ya maziwa na mabaki ya chakula. Asipike peke yake huku akifanya kazi nyingine. Awe na saa ya kumlilia. Mwangalieni chumvi na sukari, kwa sababu asiyeonja huongeza mkono, na presha hupanda. Na mwambieni ukweli kwa upole kuhusu nguo na mwili wake, ili asiishi kwa wasiwasi. Neno la binti, "Mama, uko safi, unanukia vizuri," linaweza kumtoa mzee mafichoni.

Nani apelekwe hospitali? Yeyote ambaye harufu haijarudi baada ya wiki chache. Tena upesi zaidi ikiwa amepotewa na harufu bila mafua yoyote, au tundu moja la pua limeziba na kutoa damu. Na ikiwa kutonusa kumefuatana na kusahau, kupotea njia aliyoizoea, kuuliza jambo lilelile mara kwa mara, au kushindwa kuhesabu fedha, basi msingoje kabisa. Andikeni lini lilianza lipi; karatasi hiyo humsaidia daktari kuliko maelezo ya watu wanne wanaozungumza pamoja.

Narudi Itumbe nimalize. Jambo la kwanza alilolifanya mkaza mwanangu baada ya hospitali lilikuwa kwenda mwenyewe kwenye kikundi cha akina mama, kisha kwa jirani mmoja mmoja. Aliwaambia kwa Kikisii, lugha ambayo "baba" maana yake ni mama yangu: baba aliugua ile homa ya mwaka wa kafyu, homa ikamchukulia pua na ikamgusa kumbukumbu, sasa anatibiwa; mkimwona amepotea njia, mshikeni mkono mmlete nyumbani. Aliniambia kwamba mwanamke mmoja aliinama akasema, "Na mimi sinusi tangu mwaka ule, niliogopa kusema." Kuanzia siku hiyo minong'ono ilipungua, na jioni moja mtoto wa yule mwenye shamba ndiye aliyemrudisha nyumbani, wamebebeana kikapu.

Baada ya miezi sita alipimwa tena. Kumbukumbu haikuwa imepanda, wala haikuwa imeshuka zaidi. Presha ilikuwa imetulia, na amerudi kikundini. Waridi hajalinusa hadi leo. Limau hulipata siku moja, siku ya pili halimo. Lakini katika Idi ya mwezi wa kuchinja mwaka 2023, nikiwa jikoni na pilau motoni, simu ililia.

"Mama, ile karafuu yako," akasema, wala hakungoja salamu.

"Imefanyaje, mkwe wangu?"

"Leo nimeipata. Kidogo. Nimekumbuka nyumba yako."

Mola awaponye wagonjwa wetu na awahifadhi wazee wetu. Leo mkimaliza kusoma, mwendeeni mzee aliye nyumbani mwenu, mpeni karafuu moja kiganjani, mumuulize kama ainusa. Mkutane na jibu lake kwa subira. Tuonane wiki ijayo inshaAllah.